Ukingo Usio na Mwenyewe

Mume wangu alitengeneza meno bandia maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo akikutana na mtu humwangalia mdomoni kabla ya kumwangalia machoni. Mtaani wanamwita Mzee Meno. Mkwe wetu, baba wa mke wa marehemu mwanangu, alikuwa mpima ardhi, na yeye wanamwita Mzee Mipaka, kwa sababu hata ukimkaribisha chai huanza kwa kusogeza kikombe cha jirani ili cha kwake kipate eneo lake. Walikuwa marafiki tangu watoto wao hawajaoana. Mwanangu alipofariki, walimlea Pipi, mjukuu wetu wa pekee, kwa zamu: mmoja alimpeleka shule, mwingine akamrudisha. Mama yake alikuwa akiingia zamu ya alfajiri kwenye duka la dawa, basi hata nywele walimsuka wao. Babu mmoja alisuka upande wa kulia, babu mwingine upande wa kushoto, na mtoto akaenda shule akifanana na watoto wawili waliogongana.

Nayasema haya mapema ili msije mkawachukia. Ni watu wema. Ujinga wao ulikuwa wa sarafu tu.

Sarafu yenyewe waliikuta kwenye duka la vitu vya zamani, nyuma ya saa za ukutani zisizotembea, ndani ya kisosi cha vifungo vya makoti. Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mwenye duka aliwaambia ni dinari ya fedha ya Warumi, ya zamani za makaisari, lakini ni ya kaisari yupi yeye hajui, maana kazi yake ni kuuza, si kujua. Wote wawili waliitaka. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake, basi wakachanga nusu kwa nusu. Walipotoka nje ndipo wakakumbuka kwamba kitu kimoja hakiwezi kulala kwenye nyumba mbili.

Mzee Mipaka hawezi kuona kitu kizima asitamani kukigawa. Akasimama pale pale barabarani.

"Mkwe," akasema, "kitu hiki kina pande mbili. Wewe unajua nyuso za watu, chukua uso. Mimi nitachukua mgongo."

"Na nisiguse mgongo?"

"Usiguse mgongo, nami siugusi uso. Kila mtu alime kwake."

Wakapeana mikono kama viongozi waliomaliza vita.

Fundi seremala akawatengenezea fremu ndogo yenye kioo mbele na nyuma. Wiki moja ilikaa kwetu, kichwa cha kaisari kikitazama sebule, wiki inayofuata ilikaa kwao, mgongo ukitazama sebule yao. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kutambua upande wake, kisha siku moja wangekutana na kutangaza ni dinari ya nani. Jumba la makumbusho la mji lilikuwa limesema litaipokea na kuiweka kwenye kabati la kioo, na majina ya wazee wetu wawili chini yake, ikishajulikana ni ya kaisari gani. Kwa jambo hilo walitembea wamevimba kama mikate ndani ya tanuri.

Mume wangu alikaa na lenzi yake na kitabu cha maktaba chenye picha za makaisari, akawapima wote kama wagonjwa wake.

"Huyu alikuwa anasaga meno usingizini," ananiambia. "Ona misuli ya taya."

"Naona."

"Na huyu hana magego ya chini. Shavu limezama. Maskini, alikuwa anatafuna upande mmoja."

Mimi nilikuwa nikichambua mchele, naitikia tu. Kichwa chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba punje ya mchele ingeweza kumziba kaisari kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Lakini mtu akipata la kumfurahisha uzeeni, si vizuri kumuuliza ameonaje magego.

Kwa mkwe mambo yalikuwa vile vile. Mke wake ni mkwe mwenzangu, mwanamke mcheshi kuliko wote ninaowajua, na hutujia kila Jumatano tukishona pamoja. Upande wa mgongo kulikuwa na mwanamke amesimama, mkono mmoja ameshika mizani, mwingine ameshika pembe iliyojaa matunda, na maandishi ya Kilatini yakimzunguka.

"Amemchorea ramani," akaniambia siku moja, sindano mdomoni. "Karatasi kubwa, kwa rula. Amempima yule mama kutoka kisigino mpaka kisogo."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kazi gani, mkwe? Amemwekea mshale wa kaskazini!"

Tulicheka hadi uzi ukatuponyoka.

Sheria yao waliishika kuliko watu wanavyoshika sheria za barabarani. Kuna wakati mume wangu alitaka kujua yule mama wa mgongoni anatazama upande gani, akaona haifai kugeuza fremu bila ruhusa, akatembea mpaka kwa mwenzake kuomba. Mzee Mipaka akamuuliza, "Kwa shughuli gani?" Mume wangu akarudi nyumbani, akaning'iniza kofia, akasema hakuna haja, hata hivyo mama mwenyewe hamhusu. Fremu muda wote huo ilikuwa ukutani kwetu. Angenyoosha mkono tu.

Siku ya kutangaza ilikuwa Jumapili, sebuleni kwetu. Tulikuwa wake wawili, mama yake Pipi, Pipi mwenyewe na mchumba wake, kijana mpole anayetengeneza majokofu, aliyekuja kuzoeana na familia. Maskini, hakujua amekuja siku gani.

Mume wangu akasimama, akakohoa.

"Mabibi na mabwana, huyu ni Hadriani. Tazameni ndevu. Waliomtangulia walipenda kunyoa, yeye ndiye aliyeleta mtindo wa ndevu. Taya yake naijua kama taya ya ndugu yangu."

Tukapiga makofi. Mzee Mipaka hakupiga. Alikuwa ameishika ramani yake iliyokunjwa, anamtazama mwenzake kama mtu aliyekuta nyumba imejengwa katikati ya barabara.

"Ni Trajani," akasema.

"Nani?"

"Trajani. Kaisari aliyekuwapo kabla ya huyo wako. Maandishi ya mgongoni yanasema 'kwa mtawala aliye bora kuliko wote.' Sifa hiyo sarafuni alipewa Trajani. Nimelinganisha herufi kwa herufi."

"Trajani hakuwa na ndevu."

"Ndevu ziko upande wako. Mimi hazinihusu."

"Na maandishi yako upande wako, mimi yananihusu nini?"

Kijana wa majokofu akainua kidole kama mwanafunzi. "Samahanini wazee. Kwani mkizitazama pande zote mbili kwa pamoja..."

"Wewe tengeneza friji!" wakamjibu wote wawili. Hilo ndilo neno la mwisho walilosema kwa sauti moja kwa muda mrefu sana.

Baada ya hapo yakatoka yaliyokuwa yamekaa vifuani tangu ujana.

"Wewe umezoea meno ya watu, unaona taya hata kwenye sufuria."

"Afadhali taya yangu iko mahali pake. Wewe si ndiye uliyepima barabara ya hospitali ikapita jikoni kwa mchungaji?"

"Na meno uliyomtengenezea mwalimu mkuu? Yalimruka akihutubia wazazi! Watoto wakayafukuza kama vyura!"

"Alikuwa anapiga kelele! Niliwaambia, meno yale si ya mtu wa kupiga kelele!"

Mzee Mipaka akachukua kofia. Mlangoni akageuka, akatazama kalenda. "Ni wiki yangu," akasema. Akatoa fremu ukutani, akaigeuza ili mgongo umtazame, akaondoka nayo.

Kuanzia siku hiyo hawakusemezana. Wao ambao walikuwa wakiitana mkwe mara mia kwa siku, sasa kila mmoja akawa "yule bwana." Lakini sheria ya wiki kwa wiki haikuvunjwa. Kila Jumapili asubuhi kengele ya mlango ililia, na ukifungua unakuta fremu imefungwa kwa kitambaa juu ya kizingiti, na mzee mzima mwenye fimbo anakata kona kwa haraka asionekane. Wiki iliyofuata alikuwa wangu anayekimbia. Majirani waliacha kufagia ili wawatazame.

Kuna jambo moja lilinisumbua kuliko mengine. Mume wangu ana presha ya macho, na lazima atiwe dawa ya matone kila jioni. Mikono yangu hutetemeka. Kwa miaka Mzee Mipaka alikuja baada ya chai kumtilia, maana mkono wake ni imara kama meza. Alimwambia "Lala chali," akatia tone moja jicho hili na tone moja jicho lile, akafunika chupa, wakaendelea na maneno yao kama hakuna kilichofanyika. Hakuwahi kukosa, hata siku za mvua kubwa. Sasa kazi hiyo ikawa yangu, na matone mengi yaliishia puani. Mume wangu hakulalamika. Alijifuta na leso akisema dawa ya siku hizi ina maji mengi.

Wakati huo harusi ya Pipi ilikuwa imekaribia, na ombi lake lilijulikana tangu akiwa mdogo. Alitaka kuingia ukumbini katikati ya babu zake, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Akaenda kwa mmoja mmoja.

"Nitakusindikiza, mjukuu wangu," akasema mume wangu, "yule bwana akiomba radhi."

"Nitakuja," akasema Mzee Mipaka, "fundi meno akikiri."

Pipi akaja jikoni kwangu. Alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani ambayo ilikuwa kavu, akaikausha mpaka nikaogopa ua lililochorwa litafutika.

"Bibi, nikishika mkono wa mmoja, mwingine nitakuwa nimemfanya nini?"

"Mama yako anasema atakusindikiza yeye."

"Mama nampenda. Lakini hao ndio walionisuka, Bibi. Unakumbuka nilivyokuwa naenda shule?"

Nilikumbuka. Nilimpokonya sahani nikampa nyingine iliyolowa, angalau kazi ionekane.

Ni yeye aliyepata wazo. Pipi anafundisha shule ya msingi, na aliwahi kuwapeleka wanafunzi wake makumbusho, akafahamiana na binti anayetunza sarafu pale. Akawaendea babu zake na kuwaambia mtaalamu atakuja kuamua. Walikubali haraka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu hukubali refa haraka hivyo akiwa na hakika atashinda. Wote wawili walikuwa na hakika. Mmoja angeshindwa, na namjua kila mmoja wao: atakayeshindwa atajifungia chumbani na harusi itapita akiwa amegeukia ukuta.

Binti wa makumbusho alikuja mchana, na mkoba wenye mizani ndogo, lenzi na kitabu kinene. Nilimpokea getini peke yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mmoja wao akishinda leo, mjukuu wangu ataingia harusini na mkono mmoja mtupu."

Akanitazama kwa huruma. "Bibi, siwezi kusema uongo kuhusu sarafu."

"Sikuombi uongo. Nimekuambia tu ujue unaingia kwenye nyumba gani."

Akaniuliza kama anaweza kuvua viatu, maana vilikuwa na tope na aliona nimepiga sakafu deki. Watu hawaoni siku hizi kwamba sakafu imepigwa deki. Hilo nililiweka moyoni.

Sebuleni wazee walikuwa wamekaa mbali kadiri sebule ilivyoruhusu, mmoja karibu agongane na kabati, mwingine nusu yupo nje ya mlango. Fremu ilikuwa juu ya meza, imesimamishwa wima kwa ubavu, maana hawakuweza kukubaliana upande gani ulale juu. Pipi na mama yake walikaa kwenye kochi wameshikana mikono. Mkwe mwenzangu alikuwa akishona bila uzi.

"Nahitaji kuitoa," binti akasema.

Mume wangu akafungua skrubu za kioo cha mbele. Akarudi kukaa. Mzee Mipaka akaja, akafungua skrubu za kioo cha nyuma. Akarudi kukaa. Binti alisubiri shughuli hii yote bila kutabasamu. Mimi nisingeweza.

Akaishika ile dinari kwa ncha za vidole, kwa ukingo wake, na wala hakutazama uso wala mgongo. Akaanza kuizungusha polepole chini ya lenzi, akitazama ule ukingo mwembamba. Alizungusha akafika mahali akasimama.

"Hapa pana doa jekundu. Mmeliona?"

Wazee wote wawili walinyoosha shingo.

"Hapa ukingoni. Nani alikuwa anachunguza ukingo?"

Mume wangu akamtazama Mzee Mipaka. Mzee Mipaka akamtazama mume wangu. Ndiyo mara ya kwanza macho yao kukutana tangu siku ile. Wazee hawa waligawana sarafu kwa makini yote ya mpima ardhi, wakaitunga sheria, wakailinda kwa kukimbizana vizingitini, na ukingo haukuwa wa mtu.

Binti akaiweka kwenye mizani, akasoma, akatikisa kichwa. Kisha akageuza uso.

"Huyu ni Hadriani. Ndevu zake hizi, hata mimi nisingesita."

Mume wangu akasimama. Kifua mbele.

Akageuza mgongo. "Na huu ni wa Trajani. Maandishi haya ni sifa yake."

Mzee Mipaka akasimama. Kifua mbele zaidi.

Wakabaki wamesimama wote wawili, kila mmoja ameshinda, na hakuna aliyejua afanye nini na ushindi wake.

"Sasa," akasema mume wangu, "ni sarafu ya nani?"

"Kwa kweli, babu, si ya yeyote kati yao. Ni ya tapeli."

Sindano ya mkwe mwenzangu ilisimama hewani.

Binti akaeleza taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto mwiba. Sarafu za wakati ule ziligongwa kwa mihuri ya chuma, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo. Kulikuwa na wahalifu zamani zile zile za Warumi waliotengeneza mihuri yao wenyewe kwa kuiga sarafu za kweli. Huyu mmoja aliiga uso wa kaisari huyu na mgongo wa kaisari yule, akavichanganya, pengine hakujali, pengine hakujua kusoma. Ndani akaweka shaba, juu akaifunika kwa fedha nyembamba. Ndiyo maana ni nyepesi kuliko dinari ya kweli, na ukingoni fedha imelika, shaba inachungulia.

"Anayetazama uso peke yake hagundui," akasema. "Anayetazama mgongo peke yake hagundui. Lakini ni kitu kizuri sana. Ni cha kale kama dinari zenyewe. Makumbusho tungefurahi kukiweka, tukaeleza watu jinsi..."

Hawakumsikia. Walikuwa wameishia kwenye neno shaba.

"Mkwe," akasema Mzee Mipaka. Sauti yake ilitoka chini kabisa. "Umesikia?"

Nilishika mkono wa kochi. Mkwe. Tangu Jumapili ile sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake.

"Nimesikia, mkwe," akajibu mume wangu.

"Tapeli."

"Tena asiyejua kusoma."

"Binti, wewe umesoma wapi?" akauliza Mzee Mipaka, akivuka sebule kwa mara ya kwanza, akaenda kusimama ubavuni kwa mwenzake. "Maana mimi nimeupima huu mgongo kwa rula!"

"Na mimi taya hii nimeitazama mpaka naiota!"

"Mwaka mzima!"

"Anakuja na kimizani kama cha kupimia vitunguu saumu, dakika tano, anatuambia shaba!"

"Labda mizani yake ndiyo ya tapeli, mkwe."

"Nilitaka kusema hivyo hivyo, mkwe."

Binti alikuwa amekifungua kile kitabu kinene. Nilikuwa karibu, nikaona: ukurasa mzima wa picha za sarafu kama ile, kichwa cha huyu na mgongo wa yule, na madoa mekundu yale yale. Kidole chake kilikuwa juu ya picha. Angekigeuzia upande wao tu, wangenyamaza wote wawili, wangerudi kila mtu kwenye kona yake na aibu yake. Akamtazama Pipi, aliyekuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, macho yakimeta. Akanitazama mimi. Kisha akakifunga kitabu, taratibu, bila kutoa sauti, akakirudisha mkobani.

"Mimi neno langu nimelisema," akasema. "Lakini ninyi mmekaa na sarafu hii muda mrefu kuliko mimi."

"Hilo angalau unalijua," akasema mume wangu.

Nimeishi miaka mingi na nimetendewa mema mengi, lakini sikumbuki kumwona mtu aliye sahihi akikubali kuitwa mjinga kwa utulivu ule, na viatu amevua.

Nilimsindikiza getini. "Njoo harusini," nikamwambia.

"Babu hao watanitafuna, Bibi."

"Kwa meno gani? Ya mume wangu amejitengenezea mwenyewe. Hata ndizi hayakati."

Niliporudi ndani, wale wawili walikuwa kwenye kochi moja, magoti yakigusana, wanaandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa makumbusho. Mume wangu aliandika ukurasa wa mbele. Karatasi ikageuzwa, Mzee Mipaka akaandika wa nyuma. Hakuna aliyesoma cha mwenzake. Pipi alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Kabla ya chai walikuwa wamekwisha kupata maelezo yao. Hadriani, walisema, alipoanza kutawala alimheshimu sana aliyemtangulia, ndipo akaamuru sarafu moja tu igongwe yenye uso wake na mgongo wa Trajani, kama kumbukumbu ya urafiki. Moja tu, duniani kote. Na ikaja kwenye kisosi cha vifungo ili wao waipate. Shaba je? Mzee Mipaka alisema ni kutu. Mume wangu alimkumbusha kwamba fedha haishiki kutu. Basi ni rangi ya midomo, akasema Mzee Mipaka, dunia ina wanawake wengi. Mume wangu aliliona hilo ni jambo la kufikiriwa.

Kisha Mzee Mipaka akamtazama mwenzake machoni, kwa karibu.

"Macho yako mekundu. Dawa unatiwa na nani?"

"Na huyu," akasema mume wangu, akinionyesha kwa kidevu. "Anainywesha pua."

"Lala chali."

Akalala, kichwa kwenye mkono wa kochi. Tone moja jicho hili, tone moja jicho lile. Chupa ikafunikwa. Nilikwenda jikoni, nikawasha bomba, nikaosha vikombe ambavyo havijatumika.

Harusi ilifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi karibu na shule anakofundisha Pipi. Nilimketisha binti wa makumbusho kando yangu, mstari wa mbele, na nikamwambia mpishi sahani yake ijazwe kwanza. Upande wa pili alikaa mkwe mwenzangu, leso mbili mkononi, moja ya kulia na moja ya kuchekea.

Kinanda kikaanza. Mlango ukafunguka, na Pipi akaingia katikati ya babu zake. Yule wa kulia alikuwa amempangia ua kwenye nywele upande wa kulia, yule wa kushoto upande wa kushoto, na maua hayakufanana hata kidogo. Bwana harusi, kijana wetu wa majokofu, alisimama kule mbele akitokwa na jasho. Mama yake Pipi alianza kulia kabla hawajapiga hatua.

Walipofika usawa wetu, wazee walimwona mgeni wangu. Walipita na pua juu. Mume wangu aliinua pua kulia, Mzee Mipaka kushoto. Binti akainamisha kichwa kwa heshima, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Walikuwa wamebakiza kidogo tu wafike mbele, mara Mzee Mipaka akapunguza mwendo.

"Mkwe," akanong'ona juu ya kichwa cha bi harusi, na mnong'ono wake unasikika mpaka barabarani, "nimekuwa nafikiri. Ule ukingo. Lazima uwe na mwenyewe."

Mume wangu akasimama. "Ukingo upi?"

"Wa sarafu. Tuugawe."

"Ukingo ni duara, mkwe. Utaanzia wapi?"

"Niachie mimi. Nitaweka alama. Nusu yako ianzie chini ya kidevu."

"Kidevu ni changu tayari!"

Mpiga kinanda aliona bi harusi amesimama, akarudia wimbo tangu mwanzo. Pipi akafumba macho, akawabana babu zake kwapani, huyu na yule, akaanza kuwavuta kama mtu anayevuta madumu mawili ya maji.

"Tembeeni, Babu," akasema kupitia tabasamu lake. "Wote wawili. Tembeeni."

Binti wa makumbusho akaniinamia sikioni. "Bibi, doa la shaba liko pale chini ya kidevu. Mmoja wao ataliona sasa."

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Waache wafike kwanza."